Mjamzito Hanywi Peke Yake

Elimu yetu kuhusu pombe na ujauzito inampata mtu mmoja tu, tena kwa kuchelewa. Mtu huyo ni mjamzito, anasomewa akiwa kwenye benchi la kliniki, na mimba yake imeshafika mwezi wa nne au wa tano. Nimefanya kazi ya ukunga na kufundisha wakunga kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: mwanamke mwenye mimba asinywe pombe ya aina yoyote, kwa kiasi chochote, katika mwezi wowote. Lakini mzigo wa kufika huko hauwezi kuwa wake peke yake. Ni wa mumewe, wa mama mkwe, wa mama anayepika pombe pale kijijini, wa mhudumu wa afya wa kitongoji, wa mchungaji na katekista. Bila watu hao kuingia darasani, tutabaki kumlaumu mwanamke kwa kata ya pombe aliyoletewa na wengine.

Mfano wangu ni Kilimanjaro, kwa sababu huko kuna pombe ya asili, mbege, inayogusa karibu kila tukio la maisha, na pia kuna takwimu za kuaminika. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina rejista ya vizazi ya miaka mingi. Mama akishajifungua, mkunga hukaa naye na kumhoji kuhusu afya yake, mimba yake na vitu alivyokuwa akitumia. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulipitia vizazi zaidi ya 34,000 vya kuanzia 2000 hadi 2010. Kwa ujumla, mwanamke 1 kati ya 3 alisema alikunywa pombe akiwa mjamzito. Mwaka 2000 walikuwa karibu nusu ya waliohojiwa. Ilipofika 2010 walikuwa wameshuka hadi kama 1 kati ya 5.

Kushuka huko kunanipa moyo, na papo hapo kunanitia shaka. Kunanipa moyo kwa kuwa ni uthibitisho kwamba tabia iliyozoeleka vizazi na vizazi inaweza kubadilika ndani ya miaka kumi. Shaka yangu inatokana na jinsi takwimu hizo zinavyopatikana: mwanamke anaulizwa, naye anajibu. Aliyekwisha kusikia mara nyingi kwamba pombe ni mbaya kwa mimba anajua mkunga anataka kusikia jibu gani. Naamini yote mawili yamo ndani ya takwimu hizo: wapo walioacha kweli, na wapo waliojifunza kunyamaza. Kundi la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu mwanamke anayeficha hawezi kusaidiwa, na mara nyingi sisi wahudumu ndio tuliomfundisha kuficha, kwa maneno makali na kwa macho ya kumhukumu.

Wakati mwingine hafichi hata kidogo. Mazungumzo kama haya nimeyasikia kwenye kliniki nyingi za vijijini:

"Mama, unatumia pombe?"

"Hapana, nesi. Mimi sinywi."

"Na mbege?"

"Mbege ya kawaida tu, jioni, baba watoto akija nayo. Tena si kila siku."

Mama huyu hakusema uongo. Kwake pombe ni bia ya baa na zile kali za chupa, vitu vya watu wa starehe. Mbege ni kitu cha nyumbani. Ameiona ikipikwa tangu utotoni: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, zinachujwa, kisha unatiwa uji wa kimea cha ulezi, ule mso, na gome la msesewa kwa ajili ya uchungu. Imenywewa kwenye posa, kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye msiba. Kata ikizunguka na kumfikia, hajioni kama mnywaji, anajiona mtu wa ukoo. Mhudumu anayeishia kwenye swali la kwanza ataandika "hatumii pombe", na hapo nafasi imepotea. Mkoani Iringa na Njombe aulize ulanzi, Kagera aulize rubisi, Tabora wanzuki, pwani mnazi, na Mbeya komoni na kimpumu. Kuuliza kinywaji kwa jina lake ni jambo dogo lisilogharimu hata shilingi, na bado hatulifanyi ipasavyo.

Mwili hauna habari na majina hayo. Kilevi kilichomo kwenye mbege, kwenye bia, kwenye mvinyo wa Dodoma na kwenye gongo ni kilekile, ethanoli. Tofauti ni kiasi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za ethanoli. Lita moja ya mbege, hata ikiwa na asilimia 4 tu, ina zaidi ya gramu 30. Anayesema "nimekunywa mbege lita moja tu" ameingiza kilevi cha bia kama moja na nusu za ukubwa huo, na hakuna aliyempimia. Mama mpishi hana kipimo. Pombe ya jana na ya leo kutoka pipa moja hazilingani nguvu, kwa kuwa kuchachuka kunaendelea.

Ethanoli ni kemikali ndogo sana, inayeyuka kwenye maji na kwenye mafuta pia, na kwa hiyo hakuna ukuta wa mwili unaoizuia. Watu wengi, hata waliosoma, wanaamini kondo la nyuma huchuja vitu vibaya visimfikie mtoto. Kwa pombe halichuji. Muda mfupi tu baada ya mama kunywa, kiwango cha kilevi kwenye damu ya mtoto hukaribiana na cha kwenye damu ya mama. Ini la mtu mzima lina vimeng'enya vya kuvunjavunja kilevi hicho. Ini la mtoto aliye tumboni bado ni changa, karibu halina uwezo huo, na linategemea damu imrudishie mama ili ini la mama lifanye kazi. Papo hapo sehemu ya kilevi hutoka kwa mkojo wa mtoto na kuingia kwenye maji ya uzazi anamoogelea, naye huyameza tena maji hayo. Mtoto anakunywa alichokunywa mama, kisha anakunywa tena alichokwisha kukitoa.

Madhara yenyewe yana njia zaidi ya moja, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa anayeelewa njia hizi haulizi tena kama mbege ni salama kuliko bia. Kwanza, kilevi huua seli changa, hasa zile zinazotengeneza uso na mfumo wa fahamu. Pili, huvuruga safari ya seli za ubongo: wakati wa mimba seli hizi huzaliwa sehemu moja na kuhamia mahali pake pa kudumu, na kilevi huzifanya zipotee njia au zisiungane na nyingine inavyopaswa. Tatu, hubana mishipa ya damu ya kondo na ya kitovu, hewa na chakula vinapungua, na mtoto anazaliwa na uzito pungufu, au anazaliwa njiti, au mimba inaharibika. Nne, hudhoofisha matumizi ya foliki mwilini mwa mama, kirutubisho kilekile tunachokitoa kwa vidonge kliniki. Mama aliyekonda na asiyekula vizuri anaumia zaidi kwa kiasi kilekile cha pombe. Utafiti wa miaka mingi uliofanyika Afrika Kusini umelionyesha hili mara kwa mara. Kwa hiyo watoto wa wanawake maskini, wanaokunywa tumbo likiwa tupu, ndio wanaolipa bei kubwa kuliko wote.

Kila wiki ya mimba ina kazi yake. Kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutungwa, viungo vikuu na sura ya uso vinatengenezwa. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, yaani takriban wiki mbili baada ya siku ambayo mwanamke alitarajia hedhi asiione. Wengi wakati huo hawajajua kama wana mimba. Baada ya hapo ubongo unaendelea kukua miezi yote tisa, na haupiti mwezi ambao pombe haiwezi kuugusa. Sasa linganisha kalenda hiyo na kalenda ya kliniki zetu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kwamba ni kama robo tu ya wajawazito nchini Tanzania waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wengine wote, nesi aliposimama mbele ya benchi kusema "msitumie pombe", uso wa mtoto ulikuwa umeshachorwa.

Madhara haya si ugunduzi wa jana. Mwaka 1968 daktari wa watoto wa Nantes, Ufaransa, Paul Lemoine, alieleza watoto 127 wa wazazi walevi, wenye sura zinazofanana na udumavu unaofanana. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith, wa Seattle nchini Marekani, waliipa hali hiyo jina la kitabibu. Katika hali kali kabisa mtoto ana macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo umesawazika. Ila wengi zaidi hawana alama yoyote usoni. Athari zao zimo kichwani: kumbukumbu fupi, kushindwa kutulia, hesabu kutoingia, kutoona kwamba tendo hili litaleta matokeo yale. Makadirio yaliyochapishwa 2017 yanasema karibu mwanamke 1 kati ya 10 duniani hunywa akiwa mjamzito, na kwamba karibu mtoto 1 kati ya 13 waliokumbana na pombe tumboni hupata mojawapo ya madhara haya.

Huku kwetu watoto hao tunao, ila tunawaita kwa majina mengine. Mwalimu wa darasa la tatu anaona mvulana aliyefundishwa kujumlisha jana na leo amesahau kabisa, kesho anakumbuka, keshokutwa amesahau tena, na anahitimisha kwamba ni mvivu na mkaidi. Anachapwa. Anatumwa dukani vitu vitatu, anarudi na kimoja, anachapwa tena nyumbani. Akifika miaka kumi na mitano ameshaacha shule, na rafiki yeyote anaweza kumtuma kuiba naye akaenda, kwa kuwa hapimi hatari. Wapo wanaosema amerogwa. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watu wenye hali hii hadi utu uzima ulionyesha kwamba waliotambuliwa mapema, kabla ya miaka 6, na kulelewa kwenye nyumba tulivu, walipata matatizo machache zaidi ya sheria, shule na ulevi. Dawa ya kuurudisha ubongo ulivyopaswa kuwa haipo. Malezi yanayomfaa mtoto huyo yapo, na yanaanza kwa kuacha kumchapa kwa jambo asiloliweza.

Nakuja kwenye hoja ninazorushiwa kila nikizungumzia jambo hili, na ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mbege ni chakula, ina ndizi na ulezi. Ni kweli ulezi ni nafaka bora, ina madini ya chuma na kalsiamu. Basi mjamzito apikiwe uji wa ulezi, apikiwe mtori, ale ndizi kwa nyama. Vyote vilivyo vizuri ndani ya mbege anaweza kuvipata bila kilevi, na hakuna kirutubisho kinachofuta kazi ya ethanoli mara inapoingia kwenye damu.

Hoja ya pili huletwa na mabibi, na huwa najitahidi kuijibu kwa heshima: "Mimi nilikunywa mimba zangu zote saba, na wanangu hawa hapa, mmoja ni mwalimu." Bibi anasema kweli. Pombe haimdhuru kila mtoto kwa kiwango kimoja. Watafiti wameeleza mapacha wasiofanana waliokaa kwenye tumbo moja, wakapata pombe ileile kwa saa zilezile, mmoja akaathirika sana na mwenzake kidogo. Urithi wa mtoto, lishe ya mama, umri wake, wiki ya mimba na namna alivyokunywa, yote yanaingia. Kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mjamzito kama wake ndiye atakayepona au atakayeumia, hakuna kiasi tunachoweza kumwandikia kuwa ni salama. Na nimwombe bibi afikirie pia mimba zilizoharibika na yule mtoto wa nne aliyesemwa kuwa mzito wa kuelewa. Sisemi ni pombe. Nasema hatukuwahi kuuliza.

Mjini hoja inabadilika kuwa glasi ya mvinyo mwekundu "kuongeza damu", au bia nyeusi "kuongeza maziwa". Rangi nyekundu ya mvinyo haihusiani na damu. Damu inahitaji madini ya chuma na foliki: maini, dagaa, maharage, mchicha, matembele, na vidonge ambavyo kliniki inavitoa na ambavyo wengi wanaviacha kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Kuhusu maziwa, majaribio yaliyofanyika Marekani miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mtoto hunyonya maziwa machache zaidi katika saa zinazofuata baada ya mama kunywa pombe. Pombe hupunguza homoni inayosukuma maziwa yatoke. Mama anahisi matiti yamejaa, anaamini maziwa yameongezeka, kumbe hayatoki.

Hoja ya mwisho haisemwi kwa sauti, na inanihuzunisha kuliko zote: "Nimeshakunywa miezi minne, ya nini kuacha sasa?" Jibu ni kwamba kila siku ambayo ubongo wa mtoto unakua bila pombe ni faida kwake. Aliyeacha mwezi wa tano amemwokolea mtoto miezi minne ya ukuaji wa ubongo. Mama aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba aambiwe hivyo kwanza, kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu hofu na aibu humrudisha kwenye kata ileile.

Je, elimu ya jamii inafanya kazi? Ushahidi mzuri uko Afrika Kusini, nchi yenye tatizo hili kwa kiwango cha kutisha kuliko karibu zote. Kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa miaka mingi. Utaratibu huo ulipigwa marufuku miaka ya 1960, lakini ulevi uliouacha haukuondoka na sheria. Katika jamii mbili maskini za jimbo jirani la Northern Cape, wahudumu walieneza elimu kwa kila mtu, si kwa wajawazito tu, kupitia vyombo vya habari vya pale pale na mazungumzo kwenye vituo vya afya. Kabla ya hapo, watoto 8.9 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni. Baada yake, waliozaliwa katika kipindi cha elimu walikuwa 5.7. Utafiti huo, uliochapishwa 2012, haukuwa na jamii nyingine ya kulinganisha nayo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba upungufu wote umetokana na elimu. Lakini theluthi moja ya madhara kupungua kwa maneno, bila dawa wala mashine, ni jambo ambalo waganga wakuu wa wilaya zetu wanapaswa kulijua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2014 unaotaka kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe mapema iwezekanavyo, na tena katika kila hudhurio, kisha anayekunywa apewe ushauri mfupi. Kuulizwa kila mmoja ndiko kunakoondoa fedheha. Tulijifunza hilo kwenye VVU: kipimo kilipokuwa cha waliotiliwa shaka, watu walikimbia, kilipokuwa cha kila mjamzito, kikawa sehemu ya kliniki kama kupimwa uzito. Na tuliwaita akina baba waje na wake zao hudhurio la kwanza ili wapime pamoja. Baba huyo akishakaa pale, aulizwe naye. Asiulizwe kwa kushtakiwa: "Baba, mbege nyumbani inaletwa na nani?" Mara nyingi jibu linatoka kwake mwenyewe kabla mkewe hajafungua mdomo, na makubaliano yanafanyika palepale, mbele ya nesi.

Lakini kliniki imechelewa, kama nilivyosema. Ujumbe lazima uwafikie wanawake kabla ya mimba, na hapo ndipo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapohitajika. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kupata wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Wanafundishwa chandarua, lishe, chanjo, uzazi wa mpango. Pombe iingizwe kwenye mafunzo yao kwa uzito uleule, na kwa somo moja lililo wazi: mwanamke anayekunywa na anayetaka mimba, au asiyetumia njia ya uzazi wa mpango, ajue kwamba wiki za mwanzo zitapita bila yeye kujua. Wasichana wa sekondari waambiwe hivyo, na wavulana wenzao pia. Wachumba wanaofundishwa ndoa kanisani waambiwe. Vikao vya vikoba ni mahali pazuri kuliko ukumbi wowote, kwa kuwa wanawake wako peke yao na wanasemezana ukweli.

Mtu ambaye kampeni zote zimemsahau ni mama mpishi wa pombe. Anamjua kila mteja, anajua nani amekosa siku zake kabla mume hajajua, na mara nyingi yeye mwenyewe yuko kwenye umri wa kuzaa na anaonja pipa kutwa nzima. Tukimwendea na polisi, atafunga mlango na kuuzia vichakani. Tukimwendea kama mzazi mwenzetu, anaweza kuwa mlinzi wa kwanza: asimpimie mjamzito, na awe na chungu cha uji wa ulezi pembeni kwa ajili yake, auze vyote viwili. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017 ilionyesha kwamba inaweza kuchukua hatua kubwa dhidi ya pombe ya kiwandani. Marekani ilipitisha sheria 1988 ya kuweka onyo kwa wajawazito kwenye kila chupa, na nataka onyo kama hilo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kwenye chupa zetu. Ila kata haina lebo. Onyo lake ni mdomo wa anayeipima.

Wako pia wanawake ambao pombe imeshawashika. Hao mahubiri hayawasaidii, na wengine wakiacha ghafla wanaweza kutetemeka, kupata degedege na kuhatarisha maisha yao na ya mtoto. Wanahitaji kupelekwa hospitali na kuachishwa chini ya uangalizi. Wengi wao wana kipigo au msiba nyuma ya unywaji wao, na mhudumu asiyeuliza hilo hajamaliza kuuliza. Napinga kabisa wazo ninalolisikia siku hizi la kuwashtaki wajawazito wanaokunywa. Sheria ya namna hiyo itawafukuza kliniki, watajifungulia nyumbani, na tutapoteza mama na mtoto kwa pamoja.

Kwa halmashauri zinazoandaa bajeti, ombi langu ni moja: swali la pombe, kwa majina ya pombe za eneo husika, liulizwe katika kila hudhurio la kliniki, na wahudumu wa vitongoji wafundishwe kuliuliza bila kumwaibisha mtu. Na wewe baba unayesoma safu hii, mkeo akiwa na mimba au mkiwa mnaitafuta, usirudi nyumbani na lita ya mbege. Wakikuletea kata ukiwa naye, ipokee wewe, na mwombee yeye uji.